Sauti ya Mjomba Elia

Jumamosi, 8 Machi
Kompyuta ya sita wiki hii nimeifufua. Chuo pale College Park, huku ughaibuni, niliacha muhula wa kwanza; hawakuwa na la kunifundisha. Leo Anti Rehema kaniita kwake Oxon Hill. Mumewe, Mjomba Elia, kiharusi kilimnyang'anya sauti Desemba. Zamani alijirekodi akisimulia hadithi za kwao Njombe. Zote zimo kwenye kompyuta yake kuukuu. Nakala nyingine hakuna.
"Fundi wangu, nirudishie sauti ya mume wangu."
Kazi ya dakika kumi hiyo.

Jumapili, 9 Machi
Lile dude haliwaki, limeungua. Nikachomoa diski, nikaiunga na laptop yangu. Laptop ikasema diski haijapangwa, niipange? Mjomba akagonga meza kwa mkono ule mzima. Akagonga tena, kwa nguvu.
"Tulia, Mzee. Fundi yuko kazini."
Nikakubali. Nikafomati, ile ndefu inayopitia diski nzima. Nilikula chapati tatu za Anti nikisubiri, huku najisifu.

Jumatatu, 10 Machi
Tupu.

Jumanne, 11 Machi
Nimejaribu kila programu ya kuokoa mafaili. Sifuri. Nikafungua lile dude. Ndani ya mfuniko kuna karatasi, mwandiko wa Mjomba. Mashine hii haitambui diski inayozidi megabaiti mia tano, kaandika, na sauti zinakula nafasi. Kwa hiyo kaweka programu mwanzoni mwa diski kubwa, ya kuidanganya mashine. Ukiiunga kwingine itaonekana haijapangwa. Usikubali kuipanga, kila kitu kitafutika.
Kumbe ndicho alichokuwa anakigongea meza. Fundi alikuwa yeye. Mimi mdomo tu.

Alhamisi, 13 Machi
Nilikuwa na uongo mzuri: diski imezeeka, Anti, imejifia. Ukagoma kutoka. Nikasema kweli, mbele ya Mjomba. Anti hakunifokea. Bora angenipiga.
"Hata ile ya fisi na harusi?"
"Hata ile, Anti."
Akavaa sare yake ya kazi, akaenda zamu. Mjomba alitazama ukuta. Najichukia.

Jumapili, 16 Machi
Mjomba alikuwa kwenye mazoezi yake ya kinywa. Anti akamwambia, "Haya, mume wangu, mtaje huyu mtundu." Alihangaika mpaka jasho likamtoka. Ikatoka "Ba."
Naitwa Baraka.
Simu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa kumrekodi. Nilimshika mkono, nikasubiri iliyobaki.