Nyenje Kumi Chini ya Kawa

Mwanangu mtaalamu,

Nimetangulia kliniki, goti limeanza tena. Maganda ya karoti wape nyenje wako. Na ndoo yao uifunge vizuri kwa chandarua. Mmoja nimemkuta ndani ya kiatu changu.

Sasa tuje kwenye ya asubuhi. Mwezi mzima unatuhubiria mezani: nyenje ni protini, hanywi maji mengi, hali malisho mengi, wananchi waelimishwe. Nami mwananchi nikaelimika, nikakukaangia kwa chumvi. Ukamtia mmoja mdomoni, macho yakakutoka kama umemeza ufunguo, mbio bafuni! Ukarudi unajifuta, eti, "Mama, wewe huyaelewi haya mambo."

Hilo limenichoma. Mwaka ule mvua ilipokata, nani alikuwa akikamata panzi alfajiri, akiwasaga na kuwachanganya kwenye uji wako? Majirani walituita wala wadudu. Wewe ulikuwa unalamba bakuli. Leo aibu ile ile imevaa tai, inaitwa semina.

Kesho utasimama mbele ya wageni wa semina yako, nao watataka kukuona ukitafuna. ~~Shauri yako.~~ Nimekuachia kumi chini ya kawa, ujizoeze. Vunja miguu kwanza, inakwaruza koo; hilo vitabu vyako havikukwambia. Tafuna upesi, usiwaangalie nyenje machoni.

Ukishindwa, kesho niwekee kiti cha mbele. Nitakula mimi, wewe uendelee kueleza.

Mama yako,
mwananchi aliyeelimishwa