Kutoka Nairobi Hadi Mumbai, Bila Kufagia

Mumbai, India
Jumanne

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Wenje, na lile goti limeacha kukusumbua? Mpunga umeshika, au mto umepanda tena mashambani? Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo ni la kweli.

Barua hii anakuletea Kadzo wa Tarasaa, aliyekuwa hapa hospitalini akimuuguza mumewe. Wao wametangulia kurudi. Najua anayekusomea ni mdogo wangu Nehemiah. Nehemiah, usiruke hata mstari.

Mama, mjukuu wako Mitchelle amepasuliwa moyo, tundu limezibwa, amepona. Yule mtoto aliyekuwa hawezi kuvuka uwanja wako bila kuchuchumaa atafute pumzi, juzi ametembea wodi nzima, akarudi, akaniuliza mbona nalia. Asante kwa maombi yako. Waambie akina mama wa kanisa nawashukuru mmoja mmoja.

Sasa nina jambo la kuungama, maana kwenye simu mdomo ulikuwa mzito. Tangu nikiwa mdogo, mtu wa nyumba yako akisafiri hufagii uwanja mpaka usikie amefika, usije ukamfagia pamoja na nyayo zake. Na siku tuliyopanda ndege, akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwako kwa maombi. Niliona haya wakukute kwenye takataka, na mbuzi wako wale! Ndipo nikakudanganya kwamba ndege ya Nairobi hadi Mumbai ni saa moja tu, kama ya Malindi hadi Nairobi. Nikapanga na Nehemiah, saa hiyo ikipita akuambie tumefika. Alipokuambia, sisi tulikuwa juu ya bahari, midomo ya Mitchelle imegeuka buluu, mhudumu wa ndege amemshikia oksijeni. Nisamehe, Mama.

Jana Nehemiah amenieleza yaliyotokea. Kwamba ulimshukuru vizuri tu, ukachomeka ufagio darini, ukaketi na wageni wako katikati ya mavi ya mbuzi. Kwamba ulikuwa umeshamuuliza mwalimu Diba, naye akakuambia ni kilomita elfu nne na mia tano, muda wa saa sita angani. Mke wa mchungaji alipouchukua ufagio akusaidie, ulimnyang'anya. Hukufagia mpaka uliposikia sauti yangu mwenyewe, kesho yake asubuhi.

Mimi nauonea haya uwanja wako, kumbe wewe umezishikilia nyayo zetu. Sijui nikushukuru vipi, Mama.

Tunarudi Jumamosi ijayo. Safari hii sipunguzi kitu: saa sita za ndege, kisha siku nzima ya basi hadi Garsen, halafu nyumbani. Wasalimie majirani wote, na mwalimu Diba umpe salamu zake peke yake.

Siku tutakayoondoka huku, rudisha ufagio darini. Mitchelle anasema asiushike mtu, uwanja ataufagia yeye.

Mwanao akupendaye,
Pauline