Dawa Yako Mpya na Daftari Langu la Uongo

Magesa mdogo wangu,

Huko uliko usihangaike kuniamkia, nimekuja kugombana.

Kabla ya dawa ulikuwaga unaamka alfajiri kuwahutubia ng'ombe juu ya kujitegemea, na kweli walikusikiliza kuliko sisi tulivyomsikiliza mwenyekiti wa kijiji. Daktari wa mjini Musoma akakupa dawa mpya ya akili. Ukatulia, ukalala, ukaanza tena kunitania. Lakini daktari alituonya: dawa hii ikizidi mwilini inageuka sumu. Akanipa daftari mimi, bingwa wa darasa la pili, niandike kila siku kama unatetemeka, unatapika au unayumba. Kila Jumatatu dresa, yule mhudumu wa zahanati yetu hapa Mugeta, alisome.

Nikaandika nini? "Hajambo." Kila siku, "hajambo." Kwetu mtu akikuulizia mgonjwa, hata awe anakata roho, unaanza na hajambo, mabaya yanafuata mkishakaa. Nikangoja dresa aniambie kaa. Wapi! Anasoma, anagonga muhuri, anakuhesabia vidonge, wala hatazami mikono yako iliyokuwa inamwaga uji. Na wewe, mpumbavu mwenzangu, ukiulizwa: "Mzima kabisa, daktari!"

Siku ile kwenye shamba la pamba la kijiji uliyumba, ulimi mzito. Nikakucheka mbele ya watu: "Gongo hiyo umeinywa wapi bila kaka yako?"

Ukacheka nawe. "Kiu tu, kaka."

Jioni ukatapika. Tukakupakia kwenye mkokoteni kwenda hospitali Bunda. Hukufika hai.

Msibani walisema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuandika lile daftari, Magesa. Niliandika mimi, na dresa akagonga muhuri.

Juzi nimekutana na dresa sokoni Mwigobero, kwenye dagaa, akaniamkia. "Shikamoo mzee. Nyumbani hamjambo?"

Mdomo ukataka kufuata mazoea. Nikaufunga, nikaufungua upya: "Hatuko salama. Magesa alitetemeka wiki mbili, akayumba, akatapika, akafa, na wewe unagonga muhuri tu!"

 Mama mmoja muuza samaki akanikemea, "Mzee, si ujibu salamu kwanza?"

Nikamwambia, "Ndiyo nimeijibu."

Siji huko karibuni. Hasira hii bado ina kazi. Lala, mdogo wangu.

Mimi kaka yako, mkubwa kwa umri tu.