Ruhusa ya Mama ya Kwenda Angani

Nyumbani, juu ya duka la Baba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu nyingi. U hali gani, na baridi ya huko imepungua? Sisi miili ni mizima. Goti la Mama bado linamsumbua kwenye ngazi, na masikio yake yamezidi kuwa mazito, kwa hiyo ukipiga simu paza sauti. Baba anashinda dukani akitengeneza redio ambazo wenyewe walishazisahau.

Juzi mchana tuliitazama ile roketi ya kampuni yenu ikirushwa. Baba unamjua, fundi redio haamini televisheni hata kidogo. Alimwashia Mama picha, akazima sauti, redio yake ya betri akaiweka mapajani. Redio hutangulia, picha huchelewa. Basi mimi na Baba tulishangilia roketi ikiwa bado imesimama kwenye picha, Mama akatucheka kwamba tuna kiherehere.

Kisha ikapaa. Mama alisimama na goti lake hilohilo, akapiga makofi. Papo hapo mtangazaji wa redio akasema imelipuka. Kwenye picha ilikuwa bado inapanda, safi kabisa. Baba alinyoosha mkono akachomoa waya wa televisheni ukutani.

“Umeme umekatika!” akamwambia Mama kwa sauti kubwa.

“Si haba, nimeiona ikienda,” Mama akajibu.

Najua haikuwa na watu. Najua pia utaniambia kwamba za majaribio hulipuka ili mjifunze. Lakini wewe umechaguliwa kupanda mojawapo ya zijazo. Wanasema wajukuu wetu wataishi huko juu, watazaliwa huko na kusoma huko. Sawa, waishi. Ila sioni kwa nini njia yao ifunguliwe na ndugu yangu wa pekee.

Sasa kuna jambo zito. Uliahidi hutapanda bila ruhusa ya Mama, naye amekataa mwaka mzima. Jana tukikunja nguo akaniambia, “Mwandikie mwanangu aende. Kitu chenyewe nimekiona kwa macho yangu, kinapanda vizuri.” Nilimtazama Baba. Akajifanya anatafuta bisibisi. Nami nikaendelea kukunja nguo, maana siku nyingi sijamwona Mama na furaha kiasi kile.

Nimekasirika na Baba, na nimejikasirikia mwenyewe zaidi. Nikimwambia Mama ukweli nitamvunja moyo. Nikinyamaza, huenda nikakupoteza.

Baba anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Shangazi anakusalimu. Mwanangu Kipara naye anakusalimu, anajitapa shuleni kwamba mjomba wake anahamia mwezini. Mungu akulinde, na miguu yako aiache ardhini.

Mama alinituma, nami nimefikisha: amekuruhusu. Mimi sijakuruhusu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa hofu.