Makanisa Saba Nilikokutafuta

Walaal Yusuf, ndugu yangu,

Assalamu alaykum, popote ulipo. Sijui hata barua hii niielekeze wapi, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nilifika, Yusuf. Mimi dada yako, mkalimani wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, ambaye ulikuwa ukimcheka eti atazeeka akitafsiri shida za watu. Kazini walinipeleka semina Ulaya, na ilipokwisha nikaomba siku tatu, nikapanda treni hadi lile bonde la milima ya Alpi ulikofia. Hooyo ndiye aliyenituma. Mama yetu siku hizi haoni vizuri, hatoki nje ya ua, lakini kila baada ya swala alikuwa na swali moja: mwanangu amelala wapi? Miaka kumi na miwili, swali lilelile.

Tulichokuwa nacho ni karatasi moja, ile iliyotufikia baada ya wewe kuokotwa kwenye theluji. Iliandikwa kwamba umezikwa kando ya kanisa la kale la bonde. Basi. Nasi tukaridhika! Kwetu Ijara ukimwambia mtu "tukutane kisimani," hakuulizi kisima gani. Hooyo aliniambia, "Ukishuka, uliza kanisa liko wapi, watakuonyesha." Hata mimi niliyesoma sikuwaza zaidi ya hapo.

Makanisa ya kale katika bonde lile ni saba, ndugu yangu.

Nimeyaingia yote. Mimi ambaye sikuwahi kukanyaga kanisa, nilipita na hijabu yangu kwenye milango ya mbao iliyochongwa kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Kuta za mawe, paa za mawe, na ndani baridi kama friji ya bucha. Moja lina mtu mkubwa amechorwa ukutani kwa nje, mrefu kuliko twiga, amebeba mtoto begani akivuka maji. Watalii walikuwa wakimpiga picha. Mimi nilizunguka nyuma, makaburini, nikisoma majina. Yalikuwa ya wenyeji tu.

Kutoka kanisa moja hadi jingine niliiona ile njia ya kupanda mlima, uliyoishika ukitaka kuvuka mpaka. Nikakumbuka simu yako ya mwisho: "Abaayo, dada yangu, ni mlima tu. Miguu ninayo." Wewe uliyekuwa ukivaa koti kuingia benki Garissa kwa sababu ya kiyoyozi! Nilikaa kando ya barabara nikalia kwa hasira. Bado nina hasira nawe, Yusuf. Ulikuwa na mbuzi, ulikuwa na sisi.

Kanisa la saba ufunguo wake anao ajuza mmoja. Tulizungumza kwa simu yangu, ikitafsiri. Alikukumbuka! "Kijana wa theluji," ndivyo alivyokuita. Yeye na majirani zake ndio waliokuzika, wakakuwekea maua. Nikamwomba anionyeshe kaburi. Kisha akanishika mkono, akaniingiza kwenye chumba kidogo ubavuni mwa kanisa. Bonde ni jembamba, alinieleza, ardhi ya kuzikia haitoshi, hivyo tangu zamani miaka ikipita maiti hufukuliwa, akampisha mwingine. Mafuvu yalikuwa yamepangwa kwenye rafu hadi darini, ya mababu zao wenyewe. Hawakukuonea, ndivyo wanavyozikana. Mifupa yako imo humo, au imo kwenye shimo la pamoja lililo chini yake. Ajuza hakujua. Nilitazama fuvu baada ya fuvu. Nilikubeba mgongoni ukiwa mchanga, Yusuf, na sikuweza kukutambua.

Sisi maiti wetu tukishamwosha na kumlaza kuelekea kibla, tumemalizana naye, hatumgusi tena. Nilisoma Yasini pale mlangoni, mimi ninayeijua kwa moyo, nikakosea mara mbili. Ajuza alinisubiri nimalize, kisha akafunga mlango.

Nimerudi Garissa. Hooyo hakungoja nivue viatu. "Umemwona?" Nikasema nimemwona. "Amelazwa kuelekea kibla?" Ndiyo, hooyo. "Hakuna anayemsumbua?" Hakuna. Akasema alhamdulillahi, akalala mchana ule usingizi ambao sijauona kwake tangu ufe. Hajauliza tena. Anakula vizuri, na amewasimulia majirani wote jinsi ulivyostiriwa. Wanakuja kunipa mkono, na mimi naupokea.

Nilidhani nikifika nitatua mzigo. Sikutua kitu. Nikiomba dua usiku sijui nielekeze mawazo wapi. Naona rafu tu. Sitaweza kwenda tena, na hata nikienda hakuna cha kufuata.

Kwaheri, walaal. Nakuahidi hooyo hatausikia ukweli kutoka kinywani mwangu maadamu yu hai. Lakini amechoka sana, na kwa umri wake atafika kwako kabla yangu. Mwambie wewe, Yusuf, na umwombee radhi dada yako.

Abaayo wako,
Halima