Kapteni Alizimia, Lori Niliendesha Mimi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi, maana keki imeshaagizwa, nayo ina umbo la lori.

Mume wangu anatimiza miaka sabini Jumamosi hii, na watoto wameamua kumfanyia sherehe ya kumbukumbu, kila mtu asimame aseme jambo moja la baba, nami nimepangiwa lile kubwa kuliko yote, yaani siku aliyozaliwa kifungua mimba wetu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la saruji, mpaka wajukuu wanamwita Kapteni, na anavyosimulia yeye, uchungu ulinishika njiani, akaendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umenishika mimi, mvua inanyesha, hadi hospitali. Mshauri, mvua haikuwepo. Mvua iliongezwa kwenye harusi ya binti yetu huyo huyo, mzee alipostaafu likaja daraja lililovunjika, na juzi nimemsikia akimwambia mjukuu kuwa kulikuwa na nyoka barabarani.

Kweli ni kwamba chupa ya uzazi ilipopasuka humo ndani ya lori, Kapteni aliangalia kiti, akasema "Mungu wangu," akazimia. Nikamsukuma pembeni nikashika usukani, maana kuendesha nilijua, alinifundisha mwenyewe Jumapili kwenye kiwanja cha nyuma ya kiwanda, wenzake wakimcheka. Kwenye geti la hospitali wauguzi walikuja na machela wakambeba yeye. Alipozinduka akanisihi, "Mke wangu, wenzangu wakijua nitahama mji," nikamsitiri.

Sasa juzi binti yangu, huyo niliyemzaa, ananiambia, "Mama, wewe simulia tu baba alivyotuokoa, si ulikuwa umelala tu hapo?" Umelala tu! Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikisema kweli, namwaibisha mzee wa watu mbele ya wakwe. Nikinyamaza, nitakufa nikiwa abiria. Nifanyeje?

Mke wa Kapteni

*

Mke wa Kapteni, pole, na hongera kwa mtoto, ijapokuwa nimechelewa.

Lakini nawe unanishangaza. Mtu aliyeingiza lori la saruji kwenye geti la hospitali huku uchungu umemshika, anashindwa kumpigia breki mume mwenye maneno? Mvua ulimwachia, daraja ukamwachia, na huyo nyoka naona ulimkaribisha chai. Uongo ukiulea unakua, unaoa, unakuletea wajukuu, na sasa umeagiziwa keki.

Mumeo nimtetee kidogo: kuzimia si kosa, wanaume wamezimia kwa sindano. Kosa ni kuzimia halafu ukajivisha nishani.

Ila barua yako nimeirudia, na kuna mahali umepita kasi bila kupiga honi. Nani alikufundisha kuendesha? Wenzake wanamcheka, naye kila Jumapili anahamia kiti cha abiria na kukuachia usukani wa lori la kazini. Hicho ndicho kilichomwokoa binti yenu, na hakihitaji mvua wala nyoka. Mzee ana sifa yake halali kabisa, kaiacha kiwanjani miaka yote hiyo, akahangaika kujipamba kwa ya kuazima, tena kaiazima kwa mkewe bila kumwambia.

Basi fanya hivi. Leo, usingoje kesho, mkiwa wawili tu, mwambie: "Kapteni, safari hii nasimulia mimi, na nasimulia yote." Atakohoa. Atatafuta miwani. Atakumbuka msumari fulani wa kugongelea uani. Msubiri arudi, umwambie utaanzia pale kiwanjani, wenzake wakicheka, yeye akisema tia gia. Humwombi ruhusa, unampa taarifa. Kuzimia kukitajwa watu watacheka, waache wacheke, na binti yako mtazame usoni unapofika getini. Mtu wa miaka sabini hafi kwa kuchekwa na wanawe.

Na keki ikiletwa, kisu shika wewe. Mumeo mkalishe pembeni yako, kama siku ile, ila safari hii awe macho.