Ukungu Ulioondoka Saa Mbili

Papa Cirhuza,

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike, na mimi bado sijalia. Nakuambia mapema ili usingoje. Siku ya mazishi nilisimama nyuma ya Maman Furaha, mke wako, watu wanalia, padri anasoma, na mimi nilikuwa naangalia mawingu juu ya mlima Kahuzi nikihesabu yamefunika sehemu ngapi za anga kati ya nane. Yalikuwa yamefunika tano. Hiyo ndiyo kazi uliyonifundisha, na siku hiyo sikuweza kufanya nyingine. Tangu hapo nakula, nalala, nafika kazini, naandika hali ya hewa. Mtu akiniuliza habari, namjibu nzuri, na sijui kama namdanganya.

Nikupe habari za uwanja wetu wa ndege. Wamekuja tena na makaratasi yao. Najua ungecheka, maana wewe uliona mipango mingapi ikifika Kavumu na kofia za njano, ikapigwa picha, ikaondoka na kofia zake? Lakini safari hii wamepiga vigingi. Ni vyekundu, vimetoka mwisho wa njia ya ndege mpaka kwenye mashamba ya maharage, kwa sababu wanataka kuirefusha. Wanataka kuchimba mifereji ili maji yasituame pale katikati kila mvua inaponyesha. Wanataka uzio, watu waache kukatiza na mbuzi, na akina mama wa sokoni wameshanuna kwa sababu watazunguka mbali. Kisanduku chetu cheupe cha vipimajoto kimeangukia mahali ambapo ndege zitaegeshwa, kwa hiyo kitahamishwa. Fedha sijui zitatoka wapi, na amani nayo inatakiwa ishikilie. Ila mpango upo, umeandikwa na kufungwa kwa jalada la bluu.

Ndani ya jalada hilo kulikuwa na jambo moja nililolitaka kweli. Unajua ndege zetu huanza kuruka saa mbili asubuhi. Watu wa Shabunda wameomba miaka yote uwanja ufunguliwe saa kumi na mbili. Kwao barabara ni jina tu. Mgonjwa mahututi anatolewa kwa ndege ndogo, na ikifika mchana mvua ya msituni inafunga anga. Ndege ikitoka hapa alfajiri, inaenda na kurudi mara mbili kabla ya mvua. Ikitoka saa mbili, ni mara moja tu. Mama yangu mdogo alifia kule akingoja ndege ya kesho yake. Ulinipa siku tatu za kukaa nyumbani nimlie, na mimi nikarudi kazini siku ya pili.

Basi, injinia wa mpango, mtu wa Kinshasa, mpole, mpenzi mkubwa wa ndizi za kuchoma za pale barabarani, aliomba madaftari yetu ya miaka yote. Alitaka kujua kama alfajiri pale kiwanjani mtu anaona mbali vya kutosha ndege kuruka. Nilimbebea mwenyewe, mafungu manne, najivuna kama nimebeba mtoto wa kwanza. Miaka ishirini na sita ya mwandiko wako. Baada ya mwezi akaniita, akanionyesha mchoro. Alikuwa anacheka.

"Ukungu ya huku iko na disiplini," alisema. "Inalala kiwanjani, saa mbili kamili inafunga mizigo, inaenda."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akafungua jalada akanisomea: uwanja usifunguliwe kabla ya saa mbili, kwa sababu ya ukungu wa asubuhi, ambao umezidi mwaka hadi mwaka.

Saa mbili, Papa. Saa mbili ndiyo saa niliyokuwa nafika kazini.

Wewe ulikaa hapahapa Kavumu, ndiyo maana saa kumi na mbili na saa moja uliziandika peke yako. Mimi nilitoka Bukavu kwa basi, nikaanza kuandika ya saa mbili. Juu ya mstari wangu kulikuwa na mistari yako miwili: ukungu, ukungu. Kwangu: anga safi. Tulifanya hivyo miaka mitatu, na hakuna aliyeona, maana saa zile hakukuwa na ndege ya kuulizia hali ya hewa.

Niseme lililo baya zaidi. Saa moja basi letu lilikuwa linapita kijiji cha Miti. Nilikuwa napita pale jua likinichoma machoni, Kahuzi wote uko nje hadi miti yake, kisha nafika kwako saa mbili nasoma kwamba saa moja kulikuwa na ukungu. Naweka sahihi yangu chini yako. Nilijiambia ni ukungu wa ziwa, umelala Kavumu tu. Nani angekuuliza wewe? Ulikuwa unasoma mawingu kabla sijazaliwa.

Na ishara zote nilikuwa nazo. Ulikuwa unaningoja mlangoni, hunipungii mkono mpaka nikusalimie. Na swali lako la kila asubuhi, kabla hata sijavua koti: "Nsimire, Kahuzi iko?" Nilikuwa najibu, "Iko, Papa," nikidhani ni salamu yetu, utani wetu. Nilikuwa nawasimulia watu nyumbani Kadutu, kwamba mzee wangu wa kazi anauliza habari za mlima kama anauliza habari za shemeji. Kumbe ulikuwa unauliza.

Wiki ya matanga Maman Furaha alisema mbele ya wanawake wa parokia, "Siku za mwisho papa yenu alikuwa anajua watu kwa sauti. Kanisani alikuwa ananigusa mukono, eti huyu anakuja ni nani." Wanawake wakasema ni uzee. Nilisikia, nikaenda kuongeza maji ya chai.

Baada ya kuona ule mchoro nilimwendea yeye kwanza. Nilimwambia kwamba ukungu wa kwenye mpango ulikuwa machoni mwako, na kwamba kwa ajili yake watu wa Shabunda watanyimwa alfajiri yao. Hakukasirika. Alipanga vikombe, akavipangua, kisha akasema, "Usimuvue papa yako nguo mbele ya watu. Ameshakufa." Ningekuwa na moyo wangu wa zamani ningelia naye. Nilimwangalia tu. Nikakaa wiki tatu bila kusema kitu kwa mtu yeyote, na kila siku jalada la bluu lilikuwa linakaribia kupelekwa Kinshasa.

Siku moja kabla ya kupelekwa, nikasema. Injinia aliweka ndizi yake mezani. Hakukutukana, nataka ujue. Aliuliza swali moja tu: "Ilianza lini?"

Sikujua. Nilidhani miaka mitatu, lakini labda minne, labda sita, nani ajuaye? Akasema, kwa huruma kabisa, kwamba kama mwanzo haujulikani hawezi kuamini hata asubuhi moja. Akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya safu nzima ya kuona mbali. Miaka yote ishirini na sita. Nilienda kutoa asubuhi zako za ukungu, nikarudi nimezitoa zote. Na Shabunda haikupata kitu, maana bila rekodi ilibidi kuanza kupima upya, na mpango haungojei. Walichonipa ni wiki sita, kama ningeweza kuleta kitu kingine.

Maman Furaha alisikia kutoka kwa watu. Nilipokwenda Jumapili, mlango ulifungwa, na redio ndani inaimba.

Hapo ndipo nilipopaswa kulia. Nilirudi kazini nikalowesha kitambaa cha kipimajoto. Unavijua vyote viwili, kimoja kikavu, kingine kimefungwa kitambaa chenye maji. Vikisoma karibu sawa, hewa imejaa maji na ukungu unawezekana. Vikiachana digrii nne, mtu akikuambia kuna ukungu mwambie akalale. Nilikuwa nimekishika kile kitambaa, maji yananidondokea kwenye kiatu, nikafikiria: Papa alivisoma hivi kila asubuhi. Alivisogelea, akaweka ile lenzi yake jichoni, akaandika. Ya karibu alikuwa anaona.

Niliyaomba madaftari. Nimeyasoma asubuhi kwa asubuhi, mwandiko wako wote, saa kumi na mbili na saa moja, kidole kimoja kwenye ukungu na kingine kwenye vipimajoto. Miaka ya nyuma vinakubaliana bila kukosea. Ukiandika ukungu, vipimajoto vimegusana. Ukiandika wazi, vimeachana. Unachosha, Papa, unavyokuwa sahihi. Wiki ya tano nikafika Jumatatu moja ya mwanzo wa kiangazi, karibu miaka mitatu kabla hujatuacha. Vipimajoto vimeachana digrii nne na nusu. Na kwenye kuona mbali umeandika kilomita kumi, ukaikata, ukaandika sita.

Sisi hatufuti. Tunapiga mstari mmoja, ili kilichokosewa kiendelee kusomeka. Ulinipiga kwa rula ya mbao siku niliponunua kifutio. Kwa hiyo ile kumi bado inasomeka. Uliiandika kwa mazoea, kwa sababu ni kiangazi na Kahuzi yupo tangu dunia iumbwe. Halafu ukainua kichwa ukaangalia, na hukumwona. Nilikusikia kabisa pale kwenye karatasi: "Andika vile unaona, hapana vile unajua." Ukaandika sita. Mwaka uliofuata tatu. Mwisho mbili.

Na vipimajoto hukuvigusa. Ungebadilisha tarakimu moja kila asubuhi, ukungu wako ungekubaliana na hewa, na hakuna injinia wala Nsimire ambaye angekukamata. Asubuhi baada ya asubuhi uliandika upande mmoja kwamba kuna ukungu na upande wa pili kwamba haiwezekani, ukaweka sahihi.

Nilipeleka ukurasa. Injinia alizichunguza siku mia kwa kuchagua bila mpangilio, kisha akaandika kwa kalamu ile ile nyekundu kwamba safu yako ni halali mpaka Jumatatu ile, na baada yake asubuhi zihesabiwe kwa vipimajoto. Jalada sasa linasema saa kumi na mbili. Litakaa mezani kwa mtu Kinshasa, unajua yanavyokaa. Lakini linasema hivyo, na ni kwa mkono wako.

Maman Furaha alinifungulia. Nilimsomea ile kumi iliyokatwa. Aliipitisha kidole mara nyingi, akasema, "Siku ile ya Jumatatu alirudi nyumbani hakukula."

Nimekukasirikia, Papa. Ndicho kitu cha kwanza ninachosikia ndani yangu tangu tukuzike, kwa hiyo nakuambia kilivyo. Naelewa kwamba kazi yetu ni macho, na mtu akisema hayaoni amejifukuza mwenyewe. Ulikuwa na watoto wawili chuoni. Naelewa yote. Lakini meza yangu ilikuwa mita mbili kutoka kwako.

Nimepanga chumba hapa Kavumu, nyuma ya parokia. Zile saa zako, ya kumi na mbili na ya moja, sasa naziandika mimi. Leo saa kumi na mbili kulikuwa na ukungu kweli, mweupe, hata vigingi vyekundu vilipotea, na vipimajoto vikagusana. Nimeandika. Saa moja ukungu ulikuwa bado upo.

Pumzika salama, mzee wangu. Safari njema kwako, na mimi nabaki huku nikiangalia. Nakuahidi hivi: asubuhi nitakayoinua kichwa nisione mlima wakati vipimajoto vimeachana, sitaingia ofisini kuandika kwanza. Nitamshika mtu wa kwanza aliye karibu, awe mlinzi au muuza mahindi, nimwambie mimi sioni. Nitalisema siku hiyohiyo, kwa sauti, hata kama wataniondoa.

Chumba hiki hakina kitu, Papa. Kitanda, ndoo na kigoda. Kuhama kulinichukua nusu siku. Ungeniambia tu, ningehamia miaka mitatu iliyopita.

Nsimire wako